Chenga ni za Mtwangaji

Mchele mzima ulikuwa wa mwenye ua, na kilichovunjika kilikuwa cha mwenye mchi. Ndiyo ilikuwa sheria yetu pale Kasongo, katika ua wa mfanyabiashara mmoja Mzungu aliyenunua mpunga wa vijiji na kupeleka mchele kwenye kambi za migodi. Tulikuwa wanawake wengi, watatu kwa kila kinu. Jua likishuka kila mmoja alipepeta sehemu yake, akamimina mchele ndani ya gunia mbele ya kapita, msimamizi wetu, kisha akafunga chenga zake katika pembe ya kitambaa na kwenda nazo nyumbani.

Asidhani mtu kwamba tulivunja kwa makusudi. Aliyevunja mno alifukuzwa, na kabla ya kufukuzwa alichekwa na wenzake mpaka akashika njia mwenyewe. Kilichotushikisha kipimo kilikuwa wimbo. Michi mitatu ikishuka katika kinu kimoja bila wimbo, hugongana kama pembe za mbuzi.

Chenga zikipikwa hutoa uji mzito unaokaa tumboni hadi asubuhi. Wadogo zangu watatu walikua kwa uji huo. Mama alikuwa mtu wa Kasongo, wa nyumba ya Waislamu; baba alikuwa Mkristo kutoka Kabambare. Homa ilimchukua mama, na mvua zilizofuata zikamchukua baba. Nilikuwa darasa la tatu kwa masista. Niliacha ubao wangu juu ya benchi siku hiyohiyo, wala sikurudi kuuchukua.

Aliyenitia mchi mkononi alikuwa mwanamke mzee kuliko wote pale uani. Ndiye aliyeanza wimbo, sote tukafuata. Tulimwita Mama Mukubwa, hata wale ambao hawakuwa na udugu naye. Nilipopata kinu changu cha nyumbani, kipya, bado kikinuka mti mbichi, alikuja na ungo wa mchanga mwembamba wa kijito. Aliuchekecha, akauchanganya na pumba zilizolowa, akautia ndani ya kinu, akatwanga mpaka kuta za ndani zikawa laini kama shavu.

"Kinu kipya hakijui kula," aliniambia. "Usipokifundisha, kitakutilia vibanzi ndani ya mchele, na watoto watakohoa."

Nimeyaeleza haya mapema kwa sababu yote yaliyotokea baadaye yalitoka humo.

Kila kiangazi alikuja baba mudogo, mdogo wake marehemu baba, kutoka Kabambare, baiskeli yake imebeba karanga na tumbaku. Hakuwa mtu mbaya. Alifikiri tu kwamba msichana peke yake hawezi kuwa nyumba. Alitaka mdogo wangu wa kike akae kwake, wa kiume aende kwa shangazi huko Lusangi, na kitinda mimba atafutiwe mahali. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilimjibu.

"Baba mudogo, siku utakayokuta chungu changu kimefunikwa, jua limelala, na watoto hawajakula, siku hiyo uwachukue."

Alinitazama sana. "Umesema mwenyewe," akajibu.

Mashini ya kukoboa ilifika juu ya kamio, lile lori la mchele, imefungwa kamba kama ng'ombe wa kuchinjwa. Ilikuwa na kinywa kipana juu, tumbo la chuma katikati, na mkanda wa kuiunganisha na mota. Ilijengewa kibanda cha mabati mwisho wa ua. Pamoja nayo alikuja fundi mmoja kutoka Kindu, mtu mpole aliyejifuta mikono kila mara hata ilipokuwa safi.

Kapita alitukusanya. Alisema mashini hii itakoboa kwa asubuhi moja mpunga tunaoutwanga wote kwa juma zima. Bwana, yaani yule Mzungu mwenye ua, atabakiza wanawake wanne: mmoja wa kumimina mpunga kinywani, watatu wa kuchagua mawe. Wengine wamesaidia sana, wanashukuriwa.

"Na chenga?" aliuliza mwenzangu wa kinu, mwanamke mwenye ulimi uliokuwa tayari siku zote.

"Chenga na pumba za mashini zitaenda kwa nguruwe wa Bwana."

Wengi wetu tulikuwa watu wa msikitini. Hata Wakristo walishika midomo.

"Nguruwe!" alisema mwenzangu. "Haki yetu inakwenda kwa nguruwe! Wallahi, hiyo mashini nitaivunja meno moja moja."

"Chunga mdomo," kapita akasema. "Wako watu wanaolala gerezani kwa maneno madogo kuliko hayo."

Wakati ule watu walikula fimbo kwa kuchelewa kwenye kazi ya lazima ya barabara. Mwenzangu alitema mate pembeni.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kumimina. Kapita alisema nina mikono mirefu, na kwamba ninaweza kusoma alama za magunia. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Siku zile zote za kungoja mashini iwashwe, tukiwa bado tunatwanga, hakuna mtu aliyeniita kwa heshima. Waliniita bibi-harusi.

"Bibi-harusi wa chuma!" mwenzangu aliita, mchi ukipanda na kushuka. "Mahari yako nani atapokea? Sisi tunataka mbuzi."

"Atamuzalia misumari," mwingine akasema, na michi yote ikatetemeka kwa kicheko.

Nilicheka nao, kwa sababu asiyecheka huchekwa mara mbili. Lakini wale waliocheka hawakuwa na mahali pa kwenda ila shamba la pamba la lazima. Mimi nikikubali, nitakula peke yangu mbele yao, tena bila chenga, ujira mkavu tu. Nikikataa, baba mudogo yuko njiani na baiskeli yake.

Nilimwendea Mama Mukubwa, nikamkuta akipepeta. Yeye alikuwa ameisema mashini vibaya kuliko wote. Alikuwa ameuliza mbele ya kapita mchele usioimbiwa utakuwa na harufu gani. Nilitegemea anikataze.

"Ingia," alisema bila kuinua macho. "Mutu mwenye watoto hachagui kinu."

"Na nyinyi?"

"Sisi tutaona." Alipuliza pumba, zikaruka. "Kama ni wewe utakayekula nayo, basi inakuwa kinu chetu."

Sikuyatia maanani maneno hayo.

Baba mudogo alifika jioni ya kuamkia siku ya kuwasha mashini. Alikuwa amesikia njiani kwamba watwangaji wanafukuzwa. Asubuhi aliwachukua wadogo zangu wote watatu mpaka kwenye ua ili waone, na wakasimama nje ya uzio pamoja na watu wengine wa mji. Juu ya baiskeli yake sikuona karanga. Niliona kifurushi cha nguo zao.

Fundi alikwenda nyumbani kwa Bwana kuchukua mafuta. Kapita aliniita ghalani tuchague mpunga uliokauka vizuri. Tuliporudi, Mama Mukubwa alikuwa amekaa kando ya kibanda, ungo mapajani, anafuta vidole. Alinitazama kama mtu aliyekuwekea nyama chini ya ugali anavyokutazama ukianza kula. Nilimsalimu, nikapita.

Fundi alizungusha mota. Ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Mkanda ukakimbia. Watu wa uzioni wakapiga vigelegele na wengine wakarudi nyuma. Nilinyanyua ndoo, nikamimina.

Sauti iliyotoka mle ndani bado ninaisikia hadi leo. Ilikuwa kama sufuria elfu zinasuguliwa kwa jiwe. Moshi ukatoka, harufu ya chuma kilichoungua, kisha mpasuko. Mkanda ukaruka, ukampita fundi karibu na sikio. Alizima mota, akasimama akihema, akanitazama mimi na ndoo yangu.

Alifungua tumbo la mashini. Chujio la chini lilikuwa limeraruka, na chuma kinachozunguka kilikuwa na mikwaruzo mirefu, inang'aa. Alichota kitu kwa kidole, akakisugua.

"Mchanga," alisema.

Neno lile lilitembea uani lenyewe. Nilimwona mwenzangu wa kinu, yule aliyeapa kuvunja meno, amekuwa rangi ya majivu. Kila mtu alimwona.

Bwana alitembea kutoka barazani bila haraka. Alitazama ndani, akatutazama sisi. Alikuwa anasema Kiswahili cha kuamrisha, kisichokuwa na "tafadhali" wala "jamani".

"Nani natia mchanga?"

Nje ya uzio mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma.

"Mimi naita polisi. Wote nakwenda gereza."

Kapita alinishika mkono juu ya kiwiko. "Wewe ndiye uliyepewa kinywa cha mashini," alininong'oneza. "Taja mutu, ao unakwenda wewe. Yule mwenye ulimi aliapa mbele yetu sote. Taja tu."

Ilikuwa rahisi. Jina lake lilikuwa tayari midomoni mwa wote, likingoja wa kulitoa. Niliangalia uzioni. Baba mudogo alikuwa amemshika kitinda mimba begani, na mkono wake mwingine ulikuwa juu ya baiskeli. Kisha niliangalia kando ya kibanda, nikauona ule ungo wa Mama Mukubwa, na mchanga uliobaki ndani yake. Ndipo nilipoelewa.

Nilikuwa naogopa kufungua mdomo kwa sababu ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo. Mwenzangu angekataa, na huenda angepona. Yule mzee asingekataa kitu. Na kweli, kabla sijapata neno, yeye mwenyewe alisimama, akijishika kiuno.

"Mbona munapiga kelele?" alisema. "Ni mimi. Iko mpya, lazima ifundishwe kula. Nilichekecha ule mchanga mara mbili kwa ajili ya huyu mutoto, asipate vibanzi." Alimgeukia fundi kwa hasira kidogo. "Na wewe, fundi muzima, unaileta mashini haijafundishwa, unamupa mutoto wa watu?"

Mtu mmoja alicheka, kicheko cha woga, kikakatika. Bwana hakucheka. Alidhani anachezewa. Alimwambia kapita atume mtu polisi.

Nilikwenda nikaushika ule ungo, nikamwekea Bwana mbele. Nilimwambia polepole kwamba hivi ndivyo tunavyofanya kila kinu kipya: mchanga mwembamba, pumba zilizolowa. Nilimwambia achukue mwenyewe aone kama kuna hata jiwe moja. Mwenye kutaka kuvunja hachekechi.

Bwana hakugusa. Alimtazama fundi.

Fundi alijifuta mikono. Nilimwona akipima, kwa sababu na yeye alikuwa na kazi yake ya kuiogopea: mashini alikuwa ameiacha bila mlinzi. Alijifuta tena.

"Ni kweli, Bwana," alisema mwisho. "Hata kwetu wanafundisha vinu. Mama yangu alifanya hivyo. Ila mashini… mashini hawakuijua."

Bwana aligeuka akatazama ghala. Nadhani hakuamini hata nusu. Lakini kamio ya kupeleka mchele kwenye migodi ya upande wa Lusangi ilikuwa inakuja, ghala lilikuwa na mpunga mtupu, na yeye mwenyewe alikuwa na watu wa kuwajibu.

"Huyu muzee natoka. Hapana rudi hapa," alisema. Kisha akaninyooshea kidole. "Ninyi wote natwanga. Kamio nakwenda hapana jaa, wewe na yeye polisi, pamoja."

Basi vinu vilirudishwa katikati ya ua. Mama Mukubwa alitoka, ungo wake kwapani, hakugeuka. Hakuelewa kosa lake, na hilo ndilo lililoniuma.

Tukaanza kutwanga bila yeye. Mwenzangu alijaribu kuanzisha wimbo, akauanza juu mno. Mwingine akauchukua, akaukimbiza. Michi iligongana. Mwanamke wa kinu cha pili alipigwa kidole, akalia. Tukasimama, tukaanza tena. Kila tulipopepeta, lundo la chenga lilipanda na magunia yalibaki yamelegea.

Nilianza kuhesabu kichwani siku za gereza. Nikamwinamia mwenzangu.

"Dada, punguza. Unavunja."

"Ninavunja?" alisema kwa sauti ya kawaida, uso mkavu kama ukuta. "Hii mikono inafuata wimbo. Wimbo umefukuzwa."

Mpaka leo sijui kama walifanya kwa makusudi. Nimewauliza walipokuwa wazee, wakaniambia nile chakula changu. Ninachojua ni kwamba kila kilichovunjika kilikuwa chetu kwa sheria, na kilichokuwa kinavunjika kilikuwa mali ya Bwana, tena huenda na mgongo wangu.

Kapita alikuja mbio. "Munafanya nini? Munataka kuniua?"

"Kapita," nilisema, "hatuwezi kutwanga bila anayeanza. Tazama mwenyewe. Mwambie Bwana."

"Nimwambie arudishe neno lake? Unajua Muzungu wewe?"

"Asirudishe. Mama Mukubwa haingii uani. Atakaa njiani. Njia ni ya serikali."

Kapita alinitazama, akatazama lundo la chenga, akaenda. Bwana alitoka barazani. Alisimama mbele ya malundo yale mawili, mchele na chenga, akayasukuma kwa ncha ya kiatu. Ilikuwa vigumu kusema lipi ni kubwa. Hakusema ndiyo. Alirudi barazani, akafunga mlango. Kapita alijifuta jasho, akaniambia, "Hajakataza."

Nilikimbia uzioni. Nilikuwa nikimtafuta Mama Mukubwa kwa macho, na nikamwona si mbali, amekaa chini kando ya barabara na wadogo zangu. Kitinda mimba alikuwa akicheza na ungo wake. Baba mudogo alikuwa amesimama pale, baiskeli ikimwegemea, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Mama Mukubwa, tuanzie," niliita.

"Nimefukuzwa."

"Umefukuzwa ndani. Anza huko nje."

Alifikiri. Kisha alijikung'uta mavumbi, akasogea mpaka kwenye uzio, na baba mudogo akalaza baiskeli yake chini, akafungua kifurushi cha nguo za watoto, akakikunja, akamwekea akalie. Sauti ikaingia kupitia matete ya uzio:

*Shuka mchi, shuka pole,*
*chini kuna mutoto analala.*

Michi ikashika. Nilihisi kishindo kikipanda kutoka ardhini hadi mabegani, kimoja, kimoja, kimoja. Aliimba mpaka sauti ikakwaruza, watu wa njiani wakamletea maji, akaimba tena. Hata fundi, aliyekuwa akifungua mashini yake kipande kwa kipande, nilimwona akigonga spana kwa mwendo ule.

Jioni nilitoka na chenga ambazo kitambaa kilikataa kuzifunga. Zile za asubuhi, za kutwanga kubaya, kila mtu alipewa fungu lake, na kapita hakuthubutu kubisha. Jua lilikuwa limelala. Nilipofika nyumbani chungu kilikuwa kimefunikwa juu ya mafiga, watoto hawajala, na baba mudogo amekaa mlangoni. Nililikumbuka neno langu. Sikuwa na pumzi ya kulitetea.

Aliangalia mzigo wangu. Akaondoka mlangoni, akapasua kuni, akawasha moto.

Hatukuwahi kupika chungu kikubwa kama kile. Baba mudogo alikula, akaongezwa, akala. Asubuhi alifunga karanga alizokuwa ameziacha kwa jirani, akaniwekea nusu, akapanda baiskeli peke yake.

"Chungu chako nimekikuta kimefunikwa," alisema.

"Ndiyo, baba mudogo."

"Lakini sikukikuta kitupu." Akakanyaga, akaenda zake Kabambare. Alirudi viangazi vingine, kutusalimu tu.

Kamio iliondoka imejaa. Baadaye vyuma vipya vilifika kutoka Kindu, na siku ya kuwasha tena kapita akanifuata nyumbani. Wanawake wengine walikuwa wamekataa kumimina. Waliogopa wataulizwa habari ya mchanga. Nilimwambia nitamimina, lakini kilichovunjika ni cha mwenye mchi.

"Mashini haina mchi," alisema.

"Iko na mkono wangu."

Alikwenda, akarudi. Pumba zingekwenda kwa nguruwe. Chenga zingekuwa zetu. Sisi wanne tu. Wengine walishika majembe, na mwenzangu wa kinu akaenda kwenye pamba. Alipita mara moja kwenye kibanda, akanikuta mweupe kwa vumbi la pumba. "Bibi-harusi," alisema, "mume wako ana kelele." Akanipa muhogo alioubeba, akaendelea na njia.

Mama Mukubwa hakuruhusiwa kuingia tena katika ua ule. Kila jioni nilifunga pembe mbili za kitambaa, moja yangu na moja yake, nikapita kwake kwanza. Mashini ilivunja kuliko sisi, kwa hiyo pembe zote mbili zilikuwa nzito. Alizimimina kiganjani, akazisugua kwa kidole gumba, akazipeleka puani.

"Zinanuka mafuta," alisema.

Alisema hivyo kila jioni, kisha akainuka kuteleka maji.